Mipigo ya Pampu na Hati Niliyokataa Kuisaini

Siku ya kuniaga kazini walinipa saa ya ukutani, doti mbili za vitenge, na hotuba. Katika hotuba hiyo nilielezwa kuwa mfanyakazi mwenye ushirikiano mkubwa. Nilipiga makofi pamoja na wengine kwa sababu pilau lilikuwa limeshapakuliwa, lakini nataka niisahihishe hotuba hiyo hapa, kabla haijawekwa kwenye faili langu. Kwa miaka yote niliyokagua mabomba ya maji Musoma, Bunda na upande wa Butiama, sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kutoshirikiana na watu. Ninyi mnaoingia sasa, na simu zenu za kupigia picha mitaro, ni vizuri mlijue hilo mapema ili msije mkasema hamkuambiwa.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo nilipewa, nikanyang'anywa, nikapewa tena, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika kazi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mjenzi akishalaza bomba anasema amemaliza. Mkaguzi anakwenda kuangalia kama kilicholazwa ndicho kilichoandikwa kwenye kibali na michoro: kina cha mtaro, aina ya bomba, mchanga uliotandikwa chini yake, viungo, koki, chemba. Halafu bomba lote linajazwa maji na kupimwa kwa presha. Likihimili, mkaguzi anasaini hati ya kukabidhi. Lisipohimili, hasaini. Ugumu wote wa kazi umo katika neno hilo la mwisho.

Mimi ni mtoto wa Majita, baba yangu mvuvi, mama yangu mkulima wa mihogo. Nilitoka chuo cha maji nikiwa na cheti kipya na viatu vya kisigino kirefu, nikaripoti Musoma asubuhi moja ya miaka ile ya foleni, wakati sukari, sabuni na dizeli vilikuwa habari za kusimuliana. Nilikabidhiwa kwa mkaguzi wa zamani aliyeitwa Mzee Wambura. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kitambaa ambayo sikuwahi kuona ikivuliwa isipokuwa kanisani. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akaishia miguuni.

"Umekuja na viatu vingine?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Leo tunaenda Bweri kwa miguu. Gari iko, mafuta hakuna."

Bweri ya wakati ule ilikuwa mashamba na nyumba za kuhesabika. Kikosi cha idara kilikuwa kimechimba mtaro kwenda kwenye nyumba mpya, na bomba lilikuwa halijafukiwa. Mzee Wambura alinipa futi kamba akaniambia nipime kina, yeye akaenda kukaa kwenye jiwe. Nilipima sehemu kumi. Zote zilikuwa zimezidi kidogo kile kilichotakiwa. Nikaandika kwa mwandiko mzuri wa chuoni, nikampelekea.

"Umepimia wapi?"

"Kutoka juu ya ukingo mpaka chini, mzee."

"Ukingo gani? Ule ni udongo wametoa shimoni wakarundika. Mvua mbili tu hauko. Hapa tunapimaga kutoka kwenye ardhi, binti yangu, hatupimagi kutoka kwenye kichuguu."

Wachimbaji walikuwa wameurundika udongo pembeni mwa mtaro, wakaukanyagakanyaga mpaka ukaonekana ardhi ya kawaida. Kila kipimo changu kilikuwa kimezidi kwa urefu wa kiganja kizima na zaidi. Nilirudia sehemu zote kumi, kisigino kimoja kikang'okea kwenye tope, na kikosi kizima kikacheka bila kujificha. Nilitamani kulia. Sikulia, nilikasirika, na hasira ile imenisaidia kuliko cheti.

Vifaa vya Mzee Wambura vilikuwa vitano, na vyote vilibebeka na mtu mmoja. Futi kamba. Nondo iliyochongwa ncha, yenye mshikio wa kukingama juu, ambayo tuliiita mkuki. Unaichoma ardhini juu ya njia ya bomba mpaka iguse, unajua kina bila kuchimba. Geji ya presha, ambayo aliifunga kwa kitambaa cha flana kama mtoto mchanga. Pampu ya mkono ya kupimia, yenye kimkono kirefu cha kushindilia maji ndani ya bomba. Na daftari la mistari. Daftari hilo ndilo lilikuwa na siri yake, na nataka mlisome kwa makini jambo hili kwa sababu halimo katika kitabu chochote nilichopewa chuoni.

Kila alipopima bomba alihesabu mipigo ya pampu. Bomba likishajaa maji, unaanza kushindilia, na geji inapanda taratibu. Bomba refu hupanuka kidogo kila mahali, na hewa iliyobaki ndani husinyaa, kwa hiyo linakunywa mipigo mingi kabla presha haijafika. Bomba fupi linapanda haraka. Mzee aliandika urefu, kipenyo, aina, na mipigo, ukurasa baada ya ukurasa, kazi baada ya kazi. Baada ya miaka, alikuwa anaweza kukutajia kabla hamjaanza bomba fulani litachukua mipigo mingapi, na asikosee sana.

Mimi nilihesabu kwa Kijita, kwa sababu nilijifunza kuhesabu nikitwanga na mama yangu, na mkono unaopanda na kushuka ulinitoa hesabu zenyewe mdomoni. Wenzangu walinitania kwamba naroga geji. Niliwaacha waamini hivyo, maana walipoamini walikuwa hawaisogelei.

Miaka ile ya dhiki ilinifundisha jambo jingine. Kuna bomba tulilolikagua Bunda ambalo mafundi walikosa mipira ya viungo, nchi nzima haikuwapo. Wakakata mipira ya ndani ya matairi ya trekta, wakaizungushia kwenye viungo kwa ustadi wa kushangaza. Nilidhani mzee atalikataa. Alilipima, likahimili, akasaini, halafu chini ya saini akaandika mistari minane akieleza kila kiungo kimefungwa kwa nini na kwamba kibadilishwe mara mipira itakapopatikana. Ofisa mmoja kutoka ngazi ya juu alipoisoma, alimwomba aiandike upya bila ile mistari minane, taarifa ipendeze.

"Mimi sijaandika barua ya uchumba," mzee akamjibu. "Ikipendeza au isipendeze, ndivyo ilivyo chini ya ardhi."

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti kati ya fundi aliyekosa na fundi aliyeiba. Aliyekosa anakuonyesha kiraka chake mwenyewe, tena kwa majivuno. Aliyeiba anakununulia soda.

Mzee Wambura alistaafu akarudi kwao kulima. Aliniachia mkuki, geji na lile daftari. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usiache kuhesabu," akapanda lori la pamba.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Maduka ya Musoma yakajaa ghafla, sabuni za rangi tatu, betri, redio za kaseti, na wakandarasi nao wakazaliwa. Mtu aliyekuwa akiuza samaki wakavu mwaka jana, mwaka huu ana kibao cha kampuni, pikapu na mhuri. Siwadharau wote. Wengine walikuja kuwa mafundi bora kuliko sisi wa idara, na walimaliza kwa wiki kazi ambayo sisi tungeifanyia vikao mwaka mzima. Lakini wote, wazuri na wabaya, waliamini kwamba mkaguzi ni kizingiti cha kuvuka, na kwamba kila kizingiti kina urefu wake.

Mkandarasi wa kisa hiki nitamwita Deo, na jina hilo nimempa mimi. Alipewa kazi ya kulaza bomba kutoka tenki moja la Kiabakari kwenda kijiji kilichoko upande wa Butiama, kilometa mbili na kidogo. Fedha zilitolewa na mfadhili wa mbali, na katika masharti yake aliweka sharti moja ambalo nadhani wengi hawakulisoma vizuri: kazi haipokelewi bila saini ya mkaguzi aliyeipima. Mkaguzi huyo alikuwa mimi.

Mtaro walichimba wanakijiji kwa risaga, ile kazi ya pamoja ambayo kila kaya inatoa mtu na kila mtu anapimiwa kipande chake kwa vijiti viwili. Wengi waliotoka walikuwa wanawake, maana ndio waliokuwa wakichota maji mtoni. Mtaro waliuchimba mwezi mzima, tena wakati wa jua. Mimi wakati huo nilikuwa nimepelekwa Bunda kwenye kazi nyingine. Niliporudi, bomba lilikuwa limeshafukiwa na majani yameanza kuota juu yake. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalikiri: nilitakiwa kudai mtaro usifukiwe mpaka nifike, na nilidai kwa mdomo badala ya kuandika.

Siku ya kupima, Deo alikuja na kreti la soda na mwavuli wa kunikinga jua. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na wanawake wamekaa kwenye majani na ndoo zao tupu, kana kwamba maji yatatoka siku hiyohiyo. Vijana wawili wa Deo wakashika pampu. Nikafungua flana, nikafunga geji, nikaanza kuhesabu.

Kwa urefu ule na kipenyo kile, daftari la mzee lilinitayarisha kwa mipigo elfu moja na zaidi. Nilitegemea vijana wale watapokezana asubuhi nzima na kulowa jasho. Geji ilifika mahali pake kwa mipigo mia nne na kumi. Ikasimama hapo saa nzima bila kutikisika. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele.

"Mama mkaguzi, umeona mwenyewe," Deo akasema, akanifungulia kalamu yake. "Imekaa kama msumari."

"Nimeona. Tufungue koki ya mwisho kule kijijini, niangalie presha ya huko."

"Ile chemba imefungwa na kufuli. Ufunguo uko Mwanza."

"Kufuli la kijijini, ufunguo Mwanza?"

"Fundi aliondoka nao kwa bahati mbaya, mama."

Nikafunga geji yangu kwenye flana. Nikamwambia sisaini. Mwenyekiti akadhani hakusikia vizuri, nikarudia. Wanawake wakaanza kuokota ndoo zao moja moja. Soda ikabaki kwenye kreti.

Kesho yake bosi wangu aliniita. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa, mgeni amealikwa, kitambaa cha kukata kimeshanunuliwa. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivi ingawa alinipa miaka migumu. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa maswali na walio juu yake.

"Geji ilisimama au haikusimama?"

"Ilisimama."

"Sasa unakataa nini?"

"Mipigo haikutosha, mkuu. Bomba lile lingetaka elfu moja na zaidi. Limekula mia nne na kumi. Mahali fulani ndani limezibwa. Tumepima kipande cha mwanzo tu."

"Nionyeshe kwenye kanuni palipoandikwa mipigo."

"Hapakuandikwa. Pameandikwa bomba lote lipimwe. Mipigo ndiyo inaniambia hatukupima lote."

"Perusi, saini."

"Sisaini."

Aliniuliza mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu neno hilohilo, nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Wiki hiyo nilihamishiwa stoo, kuhesabu sepetu na kuandika magunia ya saruji. Gari nikanyang'anywa, ingawa mafuta yenyewe yalikuwa ya kubahatisha. Ofisini nikawa mtu wa kusalimiwa kwa mbali. Uzinduzi ukaahirishwa, na lawama zote nikabebeshwa mimi. Nilizibeba bila kujitetea, kwa sababu kwa kweli ni mimi.

Jumapili moja, nikitoka kanisani, nikakuta wanawake watatu wamekaa nje ya nyumba yangu Nyasho. Walikuwa wamekuja na lori la mahindi kutoka Kiabakari. Mmoja wao, mrefu, alikuwa na mtoto mgongoni wa miaka kama miwili. Ndiye aliyepiga vigelegele siku ile.

"Dada, ni wewe unaitwaga Perusi wa maji?"

"Ni mimi. Karibuni ndani."

"Tutakaa hapahapa. Mimi naitwa Nyamisi. Tumekuja kuuliza kosa letu."

"Ninyi hamna kosa."

"Basi kwa nini unatufungia maji? Mtaro tulichimba. Mimi nilichimba na huyu Masatu mgongoni, mikono ikatoka malengelenge. Wewe bomba yako iko hapa mlangoni, naiona. Sisi tunachotaga mtoni, ng'ombe wakitoka ndiyo na sisi tunaingia. Saini, dada. Ikipasuka tutajua sisi."

Mtoto alikuwa akiliangalia bomba. Nikamkingia maji kwenye kikombe, akanywa, akarudisha kikombe nimjazie tena. Nilikuwa na maelezo mengi ya kitaalamu, nikayaacha yote. Kumkaidi bosi ni rahisi, unajua anachokitaka na unajua kwa nini unamnyima. Kumkaidi mtu mwenye haki ya kudai ni kitu kingine kabisa, na niliona aibu mbele yao ingawa nilijua siko kwenye makosa.

Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuwauliza tangu mwanzo.

"Mtaro mliuchimba wote? Mpaka mwisho?"

Wakatazamana.

"Mpaka kwenye mwamba," Nyamisi akasema. "Kutoka mwamba mpaka kanisani, kwenye koki ya mwisho, bwana Deo alisema tumechoka, tupumzike, watu wake watamalizia. Tulimshukuru sana. Tulimpelekea hata kuku."

Jumanne nilipanda lori kwenda Kiabakari. Sikuwa na ruhusa ya kukagua kitu chochote. Mkuki nilikuwa nao, na mengine niliyachukua stoo, ambayo mtunzaji wake nilikuwa mimi, kwa hiyo nilijiandikia na kujisainia. Nyamisi alikuwa ameshawaita wenzake. Kila mwanamke alikijua kipande chake hata majani yakiwa yamefunika: hapa ni pa Wegesa, hapa pa mke wa mwalimu, hapa pangu. Kwenye vipande vyao vyote mkuki ulizama kufikia kina kilichotakiwa. Niliona fahari nikichoma ardhi ile. Hakuna aliyerundika kichuguu.

Tulipovuka mwamba, mkuki uligonga bomba kabla haujazama nusu ya mkono wangu. Tukachimba. Kutoka pale mpaka kanisani, zaidi ya nusu ya safari, zililala bomba za kijivu, nyepesi, zile za kutolea maji machafu ya nyumbani. Ukizikanyaga kwa kiatu zinabonyea. Na pale kwenye mwamba, kwenye kiungo cha chuma, tulipolegeza boliti tulikuta kibati cha mviringo kimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kifuniko cha pipa la mafuta. Rangi ya pipa ilikuwa bado ipo. Kibati hicho ndicho kilichokuwa kimelizuia bomba lote, kikaacha kipande kizuri cha mwanzo kipimwe peke yake.

 Nyamisi alikichukua kile kibati, akakigeuza, akasema, "Na kuku wangu alimla." Kisha akanirudishia.

Nilikipakata kibati mpaka Musoma, nikakiweka juu ya meza ya bosi, juu ya karatasi zake.  Akaniuliza kama najua nimevunja kanuni ngapi. Nikamwambia nne, nimezihesabu njiani. Siku tatu baadaye nilirudishiwa kazi yangu, bila barua, na Deo akaamriwa kuondoa bomba zote za kijivu na kulaza zinazotakiwa.

Mkifikia hapa mtadhani nimewaandikia kisa cha ushindi. Subirini.

Bomba sahihi zilitoka Dar es Salaam kwa treni hadi Mwanza, zikakaa Mwanza, zikakosa gari, mvua zikaanza, barabara ikakatika. Zaidi ya miezi mitatu ikapita. Mto ukafurika na kubeba kila kilichokuwa kwenye malisho. Watoto wa kijiji kile wakaanza kuharisha. Dereva wa lori ndiye aliyeniambia, sokoni, bila kujua ananiambia nini: "Yule mama mrefu wa bomba lako, amezika."

Nilikwenda. Masatu alikuwa amefia zahanati, siku ya pili ya kuharisha. Nilikaa nyuma, karibu na jiko walikokuwa wakipika wanawake, nikakata mboga kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Hakuna aliyenifukuza. Nyamisi hakunitazama, na sikumsogelea. Niliwaza kile kikombe alichokirudisha nimjazie.

Nataka kuwaambia ukweli kuhusu hili, maana wengi walionisifu baadaye waliliruka. Kama ningesaini siku ya kwanza, Deo angekitoa kibati chake kesho yake na maji yangefika kanisani. Bomba zile zingedumu mwezi, labda miwili. Kisha kwato za ng'ombe waliopita juu yake zingezipasua, na tope la njia yao lingeingia ndani na kuwafikia watu wote wa kijiji kupitia bomba wanaloliamini. Hayo nayajua kwa hakika. Nisichokijua ni kama zingepasuka kabla au baada ya wiki ile ya Masatu. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu pampu, na haijawahi kunipa jibu.

Ningekataa tena. Naliandika hili kwa herufi zilezile nilizoandikia mengine. Mkinilaumu kwa ukali wangu, kwa mdomo wangu, kwa kuvunja kanuni nne, nitawacheka. Mkinilaumu kwa Masatu nitawasikiliza mpaka mwisho, halafu bado nitakataa.

Siku ya kupima upya, mtaro wote ulikuwa wazi kama nilivyodai, safari hii kwa maandishi. Niliutembea kutoka tenki hadi kanisani, kiungo kwa kiungo. Vijana wa Deo walipampu mpaka mashati yakawaganda migongoni. Geji ikasimama. Mtaro ukafukiwa, nasi tukifuatana nao hatua kwa hatua, na siku ya nne koki ya kijijini ikafunguliwa. Ilikohoa, ikatema kutu kidogo, kisha ikatoa maji meupe. Hapakuwa na mgeni wala kitambaa. Niliweka hati juu ya meza ya mwenyekiti, Deo akasaini, nami nikasaini.

Nyamisi alikuwa wa nne kwenye mstari. Alijaza ndoo yake, akaiweka chini, akaja mezani.

"Dada, hiyo ndiyo karatasi?"

"Ndiyo hii."

"Umesaini?"

"Nimesaini."

"Na mimi nisaini wapi?"

Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba nafasi ni tatu tu, mkandarasi, mkaguzi na mkuu wa idara. Nyamisi hakumgeukia. Alikuwa akiniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Hii karatasi imenigharimu kuliko nyie wote."

Nikakivuta kidau cha wino cha mhuri wa kijiji, nikakifungua, nikamsogezea hati. Alichovya kidole gumba, akakikandamiza chini ya saini yangu, akakishikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Bosi wangu alipoiona hati aliruka kwa hasira. Alisema karatasi hiyo inakwenda kwa mfadhili nje ya nchi, imechafuka, inabidi niandike nyingine safi. Nikamwambia siandiki. Nikamwambia aandike yeye, kisha aipeleke mwenyewe kwa Nyamisi, amweleze ana kwa ana kwamba kidole chake ni uchafu. Gari lilikuwa limesimama nje, na siku hiyo lilikuwa na mafuta.

Hakwenda.